Leso si Picha Tu: Makavazi ya Michoro Yetu Yaanzie Sandukuni

Leo naweka kando seva na lugha za programu, nataka tuzungumze kuhusu kitambaa. Msikimbie! Mkifika katikati mtaona kwamba ni mambo yale yale ya hifadhidata, ila safari hii hifadhidata yenyewe imekunjwa sandukuni, imefukizwa udi, na panya wanaikaribia.

Wenzetu duniani wameanza kukusanya historia ya michoro yao na kuiweka kwenye intaneti. Kuna Canada Modern, tovuti inayokusanya nembo, mabango na vitabu vilivyobuniwa Kanada katika karne iliyopita. Kuna Palestine Poster Project, yenye maelfu ya mabango kuhusu Palestina. Kuna Letterform Archive ya San Francisco, iliyofungua mkusanyiko wake mtandaoni kwa umma mwaka 2020. Nikiwaonyesha watu tovuti hizi, swali linalorudi ni moja: sisi Wakenya tungeweka nini? Na wako wanaojijibu wenyewe haraka haraka, kwamba hatuna kitu, eti ubunifu wa michoro uliingia nchini pamoja na Photoshop.

Sikubali hata kidogo. Michoro tunayo. Iko kwenye matatu, kwenye mabango ya vinyozi, kwenye karatasi za chai na sabuni. Lakini kama ni lazima tuchague pa kuanzia, mimi nachagua leso, na naandika haya nikiwa Munje, kijiji cha wavuvi upande wa Msambweni, ambako leso ziko nyingi kuliko kompyuta. (Ndugu zetu wa Tanzania wanaiita kanga. Ni ile ile, tusigombane.)

Hoja yangu ni hii. Makavazi ya kidijitali ya leso yakijengwa kama albamu ya picha, tutakuwa tumehifadhi kitambaa na kupoteza leso. Picha ndiyo sehemu rahisi. Kinachokufa kila mwaka ni maelezo: nani alivaa, lini, kwa nini, na alikuwa anamwambia nani. Maelezo hayo hayako Nairobi wala London. Yako vichwani mwa kina bibi wa vijiji kama hiki, na hawatatusubiri tumalize kuandika maombi ya ufadhili.

Leso ni bango

Tuanze na wale wasioamini kwamba leso ni kazi ya usanifu wa michoro. Ichukue moja uitandaze. Ni mstatili wa kama sentimita 150 kwa 110. Pembeni pande zote nne kuna pindo. Ndani yake kuna mji, uwanja wa katikati wenye mchoro mkuu. Chini ya mji, karibu na pindo refu, kuna jina, yaani ule msemo, umeandikwa kwa herufi kubwa. Kila mbunifu wa leso anabanwa na kanuni hizo hizo. Rangi ni chache, mchoro lazima uonekane kwa mbali, maneno lazima yasomeke yakiwa yamezungushwa kwenye kiuno cha mtu anayetembea. Mwanafunzi wa usanifu wa kurasa za wavuti angefundishwa nini zaidi ya hapo?

Halafu ni kitu kinachochapishwa. Leso moja haichorwi kwa mkono kwa ajili ya mtu mmoja, inatoka kiwandani kwa maelfu. Kwa hiyo ni chombo cha mawasiliano ya umma, sawa na gazeti au bango la ukutani, isipokuwa msomaji ananunua jozi, anaikata, anaipinda, kisha anaitumia kusema lake yeye mwenyewe.

Historia yake inajulikana vya kutosha. Neno leso lenyewe limetoka kwa Wareno, kutoka neno lao la kitambaa cha mkononi. Katika karne ya 19, wanawake wa pwani walishona pamoja vitambaa hivyo sita kupata shuka moja, baadaye wafanyabiashara wakaanza kuagiza shuka nzima zilizochapishwa. Mombasa, pale mtaa wa Biashara, jina kubwa ni la Kaderdina Hajee Essak, ambaye biashara yake inajulikana kuwa ilianza mwaka 1887 na alama yake kila mtu wa pwani anaijua: "Mali ya Abdulla". Yeye ndiye husemwa kuwa alianza kuweka misemo kwenye leso mwanzoni mwa karne ya 20. Leso za mwanzo zenye misemo zilitumia herufi za Kiarabu, lugha ikiwa Kiswahili. Herufi za Kilatini zilikuja baadaye.

Kwa hiyo tuna zaidi ya miaka mia ya mpangilio, herufi, rangi na maandishi mafupi makali kuliko ujumbe wowote wa Twitter. Kama huo si urithi wa michoro, basi neno lenyewe halina maana.

Nusu iko Helmond, nusu iko Munje

Sasa tufike penye uchungu. Ukitaka leo kutazama leso za zamani kwa utaratibu, zikiwa na namba na tarehe, utazipata wapi? Ulaya.

Leso zetu nyingi za zamani hazikuchapishwa hapa. Zilichapishwa Uingereza, Uholanzi, India, Japani, zikaletwa kwa meli. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846 na ambayo wengi wanaijua kwa vitenge vya Afrika Magharibi, iliwahi kuchapisha leso kwa soko la Afrika Mashariki, na ikatunza sampuli. Mtafiti wa Marekani, MacKenzie Moon Ryan, aliandika tasnifu yake ya mwaka 2013 juu ya historia ya utengenezaji wa kanga, na kumbukumbu za wachapaji wa Uholanzi ni sehemu kubwa ya ushahidi wake. Nayo British Museum ya London ina leso nyingi, ziko kwenye tovuti yao na kila moja ina namba yake. Wanayo mpaka ile iliyotoka Barack Obama aliposhinda urais mwaka 2008, iliyoandikwa "Hongera Barack Obama".

Sisemi haya kwa kulaumu. Mtu akikutunzia kitu ulichokuwa unafutia sufuria, mshukuru kwanza. Huku kwetu kiwanda kikianguka, nani anauliza vitabu vya michoro viko wapi? Rivatex ya Eldoret iliyumba mpaka ikasimama mwishoni mwa miaka ya 1990, kisha Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007. Habari za wakati huo zilikuwa za ajira na mashine, na ni haki yake, watu walikuwa na njaa. Lakini mchoro nao ni mali ya kiwanda, na hautengenezwi upya kwa kununua mashine mpya.

Hata hivyo, tazameni kwa makini kile ambacho kumbukumbu ya mchapaji inakupa. Inakupa mwaka. Inakupa namba ya mtindo, rangi zilizotumika, pengine na mfanyabiashara aliyeagiza. Haikuambii kwamba leso yenye maneno "Usisafirie nyota ya mwenzio" ilivaliwa siku fulani, kwenye harusi fulani, na mtu aliyesimama kwa makusudi mbele ya mtu fulani. Mchapaji wa Helmond hakujua. Hakuwa na njia ya kujua.

Bibi wa Munje yeye anajua hayo yote. Asichojua ni mwaka wa kuchapishwa wala kiwanda. Atakwambia "hii nilinunuliwa nilipomzaa mwanangu wa tatu", na hapo ukipiga hesabu unapata mwaka kwa kukaribia. Hii niliyopewa na mawifi zangu. Hii tulivaa sare sote kwenye arusi ya jirani. Hii, mwanangu, usiniulize.

Wale mnaoandika SQL mshaona ninakoelekea. Tuna majedwali mawili. Moja lina tarehe na kiwanda, jingine lina maisha. Safu ni zile zile, na kinachoweza kuziunganisha ni mchoro wenyewe. Kazi ya makavazi ni kuyaunganisha hayo majedwali mawili. Lile la Helmond liko kwenye makabati mazuri yenye baridi ya kiasi, litakuwepo mwaka kesho na miaka ishirini ijayo. Hili la kwetu linapoteza safu kila msiba. Sasa niambieni, fundi mwenye akili aanze na lipi?

Jedwali lenyewe

Hapa ndipo miradi mingi inapokosea. Watu wanatengeneza jedwali moja lenye picha, jina na mwaka, basi. Lakini leso ina tabaka tatu na kila moja inahitaji mahali pake.

Tabaka la kwanza ni mtindo, yaani mchoro wa pindo na mji. Mtindo mmoja unaweza kutolewa kwa rangi tano tofauti, na mfanyabiashara anaweza kuurudia baada ya miaka na jina jipya kabisa. Tabaka la pili ni toleo: mtindo huu, kwa rangi hizi, na maneno haya. Tabaka la tatu ni leso yenyewe, ile moja iliyo sandukuni kwa mtu mmoja, imechanika pembe, imetiwa doa la chai. Hadithi ya mvaaji inakaa tabaka la tatu, mwaka wa kiwanda unakaa la pili, na ukoo wa mchoro unakaa la kwanza. Ukiyachanganya, baada ya leso mia mbili hujui tena kama una michoro mia mbili au arobaini.

Kwa kila leso, mimi ningejaza hivi, kwa faili ya maandishi ya kawaida:

namba:
jina (kama lilivyoandikwa):
herufi: Kilatini au Kiarabu
mji: (eleza kwa maneno, mfano embe, korosho, jogoo)
pindo:
rangi:
alama ya mfanyabiashara na namba ya mtindo, kama ipo:
ilipatikana lini, kwa nani, kwa shughuli gani:
ilivaliwa kusema nini:
nani ameeleza: (au "hakutaka kutajwa")
lugha aliyoelezea:
ruhusa: wazi / kijijini tu / imefungwa

Angalieni vitu vitatu. Kwanza, alama ya mfanyabiashara. Leso nyingi za kisasa zina alama hiyo imechapwa ukingoni, na baadhi zina namba ya mtindo. Huo ni ufunguo wa msingi ambao mfanyabiashara ametupa bure! Usikatwe nje ya picha. Nimeona picha nyingi za leso mtandaoni ambazo mpigaji amekata ukingo ili ipendeze, na hapo ndipo penye kitambulisho.

Pili, lugha. Hapa Munje mtu anaweza kukusomea jina kwa Kiswahili, lakini kisa chake atakieleza kwa Kidigo, na kina utamu wake huko huko. Rekodi kwa lugha aliyotumia, uandike alama yake sawasawa: "dig" ni Kidigo, "swa" ni Kiswahili. Tafsiri inakuja baadaye, sauti ya asili hairudi.

Tatu, herufi. Ukikutana na leso ya zamani ya herufi za Kiarabu, kibodi ya kawaida ya Kiarabu itakugomea kwa sababu Kiarabu hakina p, ch wala v. Unicode inazo: پ چ ڤ. Lakini waandishi wa zamani hawakuzitumia kila mara, p mara nyingi iliandikwa kwa ب tu na msomaji akaachiwa aelewe. Kwa hiyo andika mara mbili: kwanza kama jicho linavyoona, herufi kwa herufi, kisha kwa Kilatini kama mzee anavyosoma. Ukimrekebishia mwandishi wa kale tahajia yake, umefuta ushahidi.

Vifaa: msitishwe

Kuna watu watakwambia kazi hii haifai bila skana kubwa ya makumbusho. Tupige hesabu. Leso ya sentimita 150 kwa 110 ukiichukua kwa nukta 300 kwa kila inchi, unapata picha ya takriban pikseli 17,700 kwa 13,000. Hizo ni pikseli milioni 230, na faili isiyobanwa ya karibu megabaiti 690. Leso moja! Kwa nukta 150 inashuka mpaka kama megabaiti 173. Makumbusho na wafanye hivyo, ni kazi yao na ni nzuri.

Simu ya kawaida yenye kamera ya megapikseli 12 inakupa pikseli 4,000 kwa upande mrefu, yaani kama nukta 68 kwa inchi. Huoni uzi mmoja mmoja, ni kweli. Lakini unasoma jina, unaona pindo lote, unaona rangi zilipopishana kwenye uchapaji. Faili ya JPEG ya namna hiyo ni megabaiti tano hivi. Leso elfu moja ni gigabaiti tano. Zinaingia kwenye flashi diski ya mfukoni na nafasi inabaki. Kwa hiyo kisingizio cha vifaa kimekufa.

Masharti ni machache. Tandaza leso kwenye mkeka, kivulini, asubuhi. Usitumie mwanga wa kamera. Weka karatasi nyeupe na rula pembeni, karatasi itakusaidia kurekebisha rangi na rula itatoa vipimo. Panda juu ya stuli upige kutoka juu moja kwa moja, usiitundike kambani maana inavutika na mstari wa pindo unapinda. Piga nzima, kisha jina peke yake, kisha ukingo wenye alama. Picha tatu, mmemaliza.

Na kwa wapenzi wa msimbo, hapa kuna raha. Unaweza kutafuta mitindo inayofanana kwa kuipa kila picha alama ya kidole: ipunguze mpaka pikseli 9 kwa 8 za kijivu, linganisha kila pikseli na jirani yake wa kulia, unapata biti 64. Picha mbili zenye biti karibu sawa huenda ni mtindo mmoja. Ila leso ina ujanja wake. Toleo moja lina mji mweusi juu ya nyeupe na jingine lina nyeupe juu ya nyeusi, na hapo biti zinageuka zote. Kwa hiyo linganisha na kinyume chake pia. Ni jioni moja ya kazi kwa Python, na matokeo yake ni kwamba leso ya Munje inaweza kupata pacha wake kwenye kabati la Uholanzi. Hapo ndipo yale majedwali mawili yanapokutana.

Siri ya mtu na mali ya mtu

Nilitaja safu ya ruhusa. Ngoja niikazie, kwa sababu sisi watu wa kompyuta tuna ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe wazi.

Leso ni kinywa cha mtu asiyetaka kugombana kwa mdomo. Nyingine zilinunuliwa kwa ajili ya mke mwenza, jirani, mkwe. Wahusika bado wapo, wanateka maji kisima kimoja. Bibi mmoja hapa alinikunjulia leso zake zote kwa furaha, alipofika moja akaikunja tena, akasema hii ni ya kwangu na yeye, na huyo yeye yuko hai. Je, makavazi yana haki ya kuidai? Hapana. Andika namba, andika "imefungwa", endelea. Kenya tuna sheria ya kulinda data tangu mwaka 2019, lakini hata isingekuwepo, heshima ilikuwepo kabla ya bunge.

Upande wa pili ni wafanyabiashara. Wa mtaa wa Biashara atakuuliza, na ana haki: ukiweka michoro yangu mtandaoni, si wataiiga ng'ambo kesho? Jibu langu ni kwamba wanaiga tayari, jozi moja ikishauzwa mchoro uko nje. Makavazi yanampa kitu asichokuwa nacho, ushahidi wenye tarehe kwamba mchoro ulikuwa wake kwanza. Mnakumbuka sakata la kikoi? Mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "Kikoy" liwe alama yake ya biashara huko. Watetezi wa wafumaji wa Kenya wakalipinga ombi hilo na halikufanikiwa. Katika mabishano kama hayo anayeshinda ni mwenye kumbukumbu, si mwenye kilio. Tangu mwaka 2016 tuna sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, lakini huwezi kulinda kitu usichoweza kukionyesha. Kwa michoro mipya weka picha ndogo mtandaoni, ile kubwa ibaki imefungwa mpaka mwenyewe akubali. Kwa utafiti na kwa ushahidi, picha ndogo inatosha.

Tafadhali msitengeneze programu ya simu

Najua wasomaji wangu. Kuna aliyekwisha fungua kompyuta kuanza programu ya simu inayoitwa LesoApp. Tulia, ndugu yangu.

Yahoo ilifunga GeoCities mwaka 2009, kurasa za mamilioni ya watu zikaondoka. Flickr ilipunguza akaunti za bure mpaka picha 1,000 na kuanzia mwaka 2019 ikafuta za ziada. Flash, ambayo zamani kila tovuti ya makumbusho iliringa nayo, ilikufa mwisho wa mwaka 2020. Sasa mwulize bibi mwenye sanduku: lake la mbao lina umri gani? Sanduku limeishinda teknolojia yetu, tuwe wanyenyekevu.

Kinachodumu ni kitu cha kawaida. Picha za TIFF au JPEG. Maelezo kwa faili za maandishi na jedwali la CSV. Folda zenye majina yanayoeleweka. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe mbali na nyingine. Ningependa moja ikae hapa kijijini, shuleni kwa mfano, nyingine Fort Jesus chini ya Makumbusho ya Kitaifa, nyingine kwenye seva ng'ambo. Tovuti nzuri iwekwe juu ya faili hizo kama kanzu. Kanzu ikichakaa unavua unavaa nyingine, mwili ukiwa salama.

Na msiniambie haiwezekani pwani. Maandishi ya zamani ya msikiti wa Riyadha, Lamu, yalipigwa picha chini ya mradi wa maktaba ya British Library wa kuokoa nyaraka zilizo hatarini, na picha ziko mtandaoni. Vitabu vyenyewe vilibaki Lamu, maana mradi huo hauruhusu vya asili kuondoka nchini. Kilichofanyika kwa vitabu vya mashehe kinaweza kufanyika kwa vitambaa vya mama zao.

Kuna atakayesema tusubiri serikali. Mimi napenda serikali ije, na pesa zake. Lakini kasi ya serikali na kasi ya mauti hazilingani. Kuna na atakayesema siku hizi akili bandia itachora leso zozote tunazotaka. Jaribuni. Mimi nilijaribu: ilitoa pindo la kupendeza na mji wa kupendeza, kisha mahali pa jina ikaweka herufi zisizo na maana katika lugha yoyote duniani. Ilijua umbo, haikujua neno. Na kadiri picha hizo za uongo zinavyojaa kwenye intaneti, ndivyo tutakavyohitaji mahali pamoja pa kuaminika, penye leso za kweli na majina ya kweli, ili mjukuu wetu asije akadhani bibi yake alivaa upuuzi.

Basi kazi ni hii, na si ya wataalamu peke yao. Wikendi hii ukienda kijijini, iwe Munje, Vanga, Lamu, Pemba au Tanga, ombea sanduku lifunguliwe. Chukua simu, rula na karatasi nyeupe. Kabla hujapiga picha hata moja, washa kinasa sauti, ukae mkekani, uulize: hii ulivaa lini, na ulikuwa unamwambia nani? Akisema hataki, shukuru, funga. Akianza kucheka, usimkatize, hapo ndipo data ilipo.

Tuonane tena hapa kibarazani. Sanduku la kwanza nimeshaombwa nilirudie Jumamosi, mwenyewe anasema zile za chini hajazitoa bado.